Nyangumi hawaji Desemba: jibu kwa aliyeuliza aende lini, wapi, na kama kuogelea na pomboo ni sawa

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hela ya Desemba. Meseji yako ilikuwa ndefu, naifupisha hapa ili na wengine wafuate: ulienda Mafia kwa sababu uliambiwa kuna nyangumi, ukaonyeshwa samaki mkubwa mwenye madoadoa ukaambiwa ndo huyo, na sasa unataka kujua wale nyangumi wanaoruka wanapita lini na wapi kwenye pwani yetu, wanatoka wapi, na je ile ya kuogelea na pomboo Kizimkazi inawaumiza kweli au ni maneno ya watu wa mazingira tu. Mwishoni ukauliza la kutapika, nitafika huko.

Tuanze na Mafia basi. Uliyemwona ni papa potwe, na hukutapeliwa kabisa maana Oktoba mpaka Machi ndo msimu wake pale, ila hukuonyeshwa ulichokifuata. Potwe ni samaki, anapumua kwa mashavu yake ndani ya maji, hana haja ya kupanda juu. Kuna sehemu Kenya wanamwita papa shilingi, wazee wanasema Mungu alipomaliza kumuumba alimpenda sana akammwagia sarafu mgongoni. Ukiwa kwenye boti kipimo cha haraka kuliko vyote ni mkia: wa potwe umesimama wima unapigwa kulia kushoto kama wa papa mwingine yeyote, wa nyangumi na wa pomboo umelala, unapigwa juu chini. Hata mtoto wa miaka sita ukimwambia hivyo hakosei tena.

Haya, nyangumi. Anayepita kwetu kwa wingi ni nyangumi nundu, ameitwa hivyo kwa sababu anapotaka kuzama anaukunja mgongo mpaka unatokeza kama nundu. Mkubwa ana mita 13 mpaka 16, tani 25 mpaka 40, na yale mapezi yake ya ubavuni ni marefu ajabu, karibu theluthi ya mwili mzima, hakuna nyangumi mwingine mwenye mapezi ya namna hiyo. Msimu wake kwetu ni Julai mpaka Oktoba, wachache wanachelewa mpaka Novemba. Kwa maneno mengine wanakuja na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, na ukilishika hilo hutanunua tena tiketi ya Desemba.

Kwanini kusi? Kwa sababu huku kusi likivuma, kule chini kabisa Antaktika ni baridi kali na giza na barafu imetanda. Hao jamaa wanaishi kule miezi ya kiangazi cha kusini, Desemba hadi Machi hivi, wanakula krili, ambao ni viumbe wadogo jamii ya uduvi, wanakula mchana na usiku wanajaza mafuta. Barafu ikianza kurudi wanaondoka. Piga hesabu mwenyewe: kutoka latitudo 60 kusini mpaka Zanzibar iliyoko kwenye 6 ni digrii 54, kila digrii ni kilomita 111, yaani karibu kilomita 6,000 kwenda tu, na kurudi ni hizohizo. Hawaji wote kwetu, wengine wanaishia Msumbiji, wengine Madagaska na Komoro, wa kwetu ni lile kundi linalofuata ukingo wa bara mpaka Tanzania na Kenya.

Na wakifika huku hawali. Hapo watu huwa wananikatalia, nimeshabishana na manahodha wenye miaka thelathini baharini, lakini ndo hivyo, bahari yetu ya joto haina krili wa kumshibisha mnyama wa tani 30, kwa hiyo anaishi kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini tangu siku anaondoka mpaka siku anarudi kwenye barafu, miezi kadhaa. Jike ndo usiseme. Amebeba mimba karibu mwaka mzima, anazaa mtoto wa mita nne na kitu mwenye uzito wa karibu tani moja, alafu anaanza kumnyonyesha maziwa yenye mafuta karibu mara kumi ya yale ya ng'ombe, na yote hayo yanatoka kwenye akiba ileile, hakuna nyingine inayoingia. Mtoto naye anazaliwa hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, maji ya barafu yangemtesa, na kule baridini ndo wamejaa nyangumi wauaji wanaowinda watoto. Hizo ndo sababu zinazotajwa sana za kuwaleta huku. Kwa hiyo unapomwona mama na mtoto Pemba au Watamu usidhani wametoka matembezi. Ni mzazi yuko safarini na chakula kimepimwa, kila kilomita anayokimbia boti yako ni maziwa ya mtoto yanachomwa kama mafuta ya injini. Nimelisema hili mapema maana majibu mengine yote chini yanatoka hapo.

Sasa uende lini hasa. Agosti na Septemba ndo kilele. Ukienda Julai utawapata wanaopanda kuja kaskazini ila kusi linakuwa bado kali, nje ya mwamba bahari inachafuka, kila wimbi linalovunjika unadhani ni nyangumi mpaka macho yanachoka. Mimi ukiniuliza nichague ningesema mwisho wa Agosti kuingia Septemba, kusi linalegea, demani inaingia, yaani majira ya upepo mwepesi, maji yanatulia, na ndo wakati akina mama wenye watoto wanaanza kuonekana wengi karibu na pwani. Oktoba ni ya mama na watoto zaidi, wengine wameshaondoka. Asubuhi na mapema ni bora kuliko mchana, si kwa sababu wanaamka mapema, ni kwa sababu upepo bado haujaamka.

Wapi: Kenya, Watamu ndo pamejipatia jina, kule manahodha wa boti za uvuvi wa mchezo wamekuwa wakiripoti nyangumi kwa watafiti kwa miaka mingi, na biashara ya kuwaangalia inakuzwa kama uhamaji wa pili, maana wanapita miezi ileile nyumbu wakivuka mto Mara. Diani na Shimoni pia wanaonekana. Tanzania, mkondo wa Zanzibar, kaskazini ya Unguja upande wa Nungwi, Pemba, na kusini kabisa Mtwara maeneo ya Msimbati na Mnazi Bay. Mtwara watu wanaisahau, na mi naona ni makosa, kuna siku nimekaa ufukweni tu, sina hata boti, nikahesabu mipulizo ya pumzi zao mpaka nikaacha kuhesabu.

Kuangalia nako kuna ufundi wake. Usitafute nyangumi, tafuta moshi. Akitoka juu anapuliza pumzi kwa nguvu, unaona mvuke umesimama kama wa sufuria iliyofunuliwa, mita mbili tatu juu, alafu upepo unauvuta pembeni. Ukiuona, usimwambie nahodha akimbilie pale, kwa sababu akishazama atatokea kwingine. Hesabu dakika. Mkubwa anaweza kukaa chini dakika tano, kumi, hata kumi na tano, lakini mtoto hana pumzi hiyo, kila baada ya dakika chache analazimika kupanda, na mara nyingi utamwona yeye kwanza, kamgongo keusi kadogo kanatokea kanarudi kanatokea kanarudi, mama yuko chini yake palepale ametulia. Kuna kitu kingine watu hawakijui, akizama na kupiga mkia juu ya maji panabaki duara laini kama mafuta yamemwagika, wakati bahari yote pembeni ina mawimbi madogo. Hiyo ni nyayo yake. Ukiona nyayo tatu zimepangana unajua anaelekea wapi.

Nikupe moja niliyoiona kwa karibu. Tulikuwa tumezima injini, tunaelea, kama mita mia na hamsini hivi kutoka kwa mama na mtoto, hatukuwafuata, tulisimama tu na wao wakawa wanakuja upande wetu taratibu. Mtoto akawa anajaribu kuruka. Anaruka vibaya, anatoka nusu anaanguka kwa tumbo, paa, anarudi tena, paa, kama mara kumi na kitu, alafu akachoka akaenda kulala juu ya kichwa cha mama, mama akamnyanyua kidogo mpaka tundu la pumzi likawa nje ya maji. Kimya kabisa. Alafu mama akapuliza, na upepo ukatuletea ule mvuke usoni, na mdogo wangu nikuambie ukweli ambao kwenye matangazo haupo, unanuka, ni kama maji ya ndoo ya samaki yaliyosahaulika juani. Tulicheka mpaka nahodha akasema shukuruni hajala miezi miwili.

Hayo tuliyapata kwa sababu hatukukimbiza. Kwa nyangumi kiasi kinachotumika sehemu nyingi duniani ni mita 100, boti isisogee zaidi ya hapo, na kuanzia mita 300 spidi ishuke iwe ya kutembea. Uende nao sambamba ubavuni, usiwakatie njia mbele, usiwafuate kwa nyuma ya mkia, na usiingie katikati ya mama na mtoto hata kama picha itakuwa nzuri kiasi gani. Wakija wenyewe karibu, weka fri ukae. Usiruke majini. Mnyama wa tani 30 hana nia mbaya na wewe, ila hajui pezi lake la mita nne limepita wapi. Boti zikiwa nyingi, boti yako ikae foleni au iondoke, kwa kweli mi nikiona tatu tayari zimemzunguka mama nageuza, hata abiria wakinuna.

Twende Kizimkazi sasa, swali lako gumu. Pomboo wa pale wako wa aina mbili, pomboo chupa wa Bahari ya Hindi na pomboo nundu, ambaye ni mwenye aibu na yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Hawahami kama nyangumi, hao ni wenyeji, wako mwaka mzima, mama aliyekuwepo mwaka jana yuko na mwaka huu, na wanatambulika mmojammoja kwa mikato ya pezi la mgongoni. Zamani pale walikuwa wanauliwa kwa ajili ya chambo cha papa. Miaka ya tisini mwanzoni utalii ukaanza, watu wakaona pomboo hai analipa kila siku na aliyekufa analipa mara moja, uwindaji ukaisha, na 1997 ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi. Kwa hiyo mtu akikuambia utalii pale ni ubaya mtupu mwambie akasome historia kwanza, utalii ndo uliowatoa kwenye ndoana.

Lakini ukauliza inawaumiza? Inawaumiza, jinsi inavyofanywa. Watafiti walikaa pale wakarekodi tabia zao boti zikiwepo na zisipokuwepo, matokeo yakachapishwa 2010: boti zikifika pomboo wanapunguza kupumzika, wanapunguza kula, wanapunguza kuchezeana, na muda wanaotumia kuhamahama tu unaongezeka zaidi ya mara mbili. Ukishawahi kwenda utaelewa bila hata utafiti. Mimi nimekuwa pale asubuhi moja nikahesabu boti tisa juu ya pomboo kama kumi na mbili, nahodha anapita mbele yao, anapiga kelele "rukeni, rukeni", watu ishirini na miwani yao wanadondoka majini juu ya vichwa vyao, pomboo wanazama, boti zote zinawasha injini zinakimbilia walipotokea, watu wanapandishwa wanadondoshwa tena. Saa nzima. Mwishoni kila mtu anashuka anafurahi kwamba ameogelea na pomboo, wakati kilichotokea ni kwamba pomboo wamemkimbia mara kumi na moja.

Na usingizi wao si kama wetu. Pomboo akilala kabisa atazama, kupumua kwake ni kwa kuamua, kwa hiyo analaza nusu ya ubongo na nusu inabaki macho inasimamia pumzi. Kuna wale pomboo wadogo wanaojizungusha hewani kama pia, wanawinda usiku kucha kwenye maji marefu, asubuhi wanaingia kwenye ghuba tulivu kupumzika, na saa hiyohiyo ndo watalii wamemaliza chai. Ukiona kundi linakwenda pamoja taratibu, halirukiruki, linapumua kwa mpangilio, hilo limelala. Watu wanaliona "limeboa" wanataka lichangamshwe, nahodha analizungushia boti. Hebu fikiria uko na usingizi wa zamu ya usiku mtu anakuja anakupigia debe dirishani kila asubuhi, mwaka mzima.

Ushauri wangu basi: nenda Kizimkazi, hela yako inasaidia kijiji, ila kabla hujalipa muulize nahodha mbele ya wenzake, "tukiwakuta na boti nyingine nyingi unafanyaje?" Akisema tutasubiri au tutazunguka turudi baadaye, panda. Akisema "usijali nitawaleta miguuni kwako", tafuta mwingine. Mwambie wazi hutaki kushuka majini, unataka kuangalia ukiwa juu, na kwamba bakshishi yake iko palepale. Hiyo ya bakshishi ndo muhimu kuliko hotuba zote, yeye anakimbiza kwa sababu aliyekimbiza jana alipewa zaidi. Na ukiwa pale pitia msikiti wa Dimbani, maandishi ya mihrabu yake ni ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, nahodha wengi watakupeleka ukiwaomba.

Lakini boti za watalii si muuaji mkubwa, na hapa naona watu wa mazingira mijini wanakosea wanapoelekeza lawama zote kwa nahodha. Muuaji ni wavu. Majarife ya kutega usiku, yale ya macho makubwa ya papa na nguru na jodari, pomboo hayaoni au anayaona amechelewa, ananasa, hawezi kupanda kuvuta hewa, anakufa kwa dakika chache. Bahari nzima ya Hindi hilo ndo tatizo namba moja la pomboo. Mvuvi hakumtaka, wavu umechanika, amepata hasara, hakuna aliyefaidika. Nyangumi naye ananasa, ila yeye ana nguvu, anaondoka na wavu na maboya yake anaburuta wiki na miezi mpaka kamba inamkata. Ukimkuta hivyo usijaribu kumkata kamba mwenyewe, watu wameshakufa duniani kwa kufanya hivyo, piga picha, chukua mahali ulipo, toa taarifa kwa watu wa hifadhi ya bahari au uvuvi. Na pomboo akikwama ufukweni yuko hai, usimvute mkia, mwagie maji, mfunike kitambaa kilicholowa, ila lile tundu la juu ya kichwa liache wazi lisiingie maji wala mchanga, na watoe watoto na mbwa pembeni.

Nyangumi nundu wenyewe kidunia wamerudi, hiyo ni habari njema ya kweli. Karne iliyopita meli za uwindaji ziliua zaidi ya laki mbili kusini mwa dunia peke yake, wakapigwa marufuku kuwindwa upande huo 1963, na hata baada ya hapo Wasovieti waliendelea kwa siri, Novemba 1966 tu waliua zaidi ya mia mbili bahari ya Arabuni. 1979 Bahari ya Hindi yote ikatangazwa hifadhi ya nyangumi, na waliopeleka hoja ni Shelisheli, kanchi kadogo hakana hata ubavu, nikikumbuka hilo huwa nafurahi. 1986 uwindaji wa biashara ukasimamishwa duniani. Wa kwetu wakaongezeka. Wale wa Arabuni, wa Oman, hawajapona, hawajafika hata mia, na ajabu yao ni kwamba hawahami kwenda popote, bahari yao ina chakula cha kuwatosha hukohuko, wamejitenga na wenzao muda mrefu sana.

Na hapo ndo kamera yako inapoingia. Chini ya mkia wa kila nyangumi nundu kuna mchoro wa nyeusi na nyeupe, makovu, mikwaruzo, hakuna wawili wanaofanana, ni kama alama za vidole. Akizama anaunyanyua, una sekunde mbili tatu, mpige hapo, kwa nyuma, mkia mzima uonekane, usihangaike na kuruka maana picha ya kuruka haimtambulishi mtu. Kuna mtandao unaitwa Happywhale, unapakia picha na tarehe na mahali, programu inalinganisha na mikia mingine ya dunia nzima. Si mchezo wa watoto huo. Kuna dume mmoja alipigwa picha Kolombia, upande wa Pasifiki, 2013, akaonekana tena hukohuko 2017, alafu Agosti 2022 akapigwa picha kwenye mkondo wa Zanzibar. Kilomita 13,046 kwa mstari wa karibu kabisa, na habari ilipochapishwa 2024 ulikuwa umbali mrefu kuliko wowote uliokuwa umerekodiwa kati ya sehemu mbili za kuzalia za nyangumi nundu. Alifuata nini huku hakuna anayejua, wengine wanasema majike, wengine chakula kimebadilika akapotea njia. Tumemjua kwa sababu mtu alielekeza kamera mkiani badala ya kujipiga selfi.

Ukifika usiku na bahari imetulia, mwambie nahodha azime injini, shusha kasia majini, weka sikio kwenye mpini. Madume wanaimba msimu huu, wimbo mmoja dakika kumi hata ishirini, wanaurudia masaa, na madume wote wa kundi moja wanaimba uleule, ukibadilika kidogo wanabadilika wote. Kasia si kifaa cha kitaalamu lakini dume akiwa karibu unasikia mngurumo unapanda mpaka mkononi.

Sasa la kutapika. Kunywa kidonge chako saa moja kabla ya kupanda, si ukishachafukwa, hapo kimechelewa. Kula kidogo kitu kikavu, usiende na njaa wala na pilau ya jana. Kaa katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi wa injini, macho yaangalie mbali bahari inapokutana na mbingu, simu mfukoni. Na ikishindikana kabisa uliza upande wa demani ni upi, yaani ule upepo unakoelekea, uinamie huko, usiende joshini unakotoka upepo mdogo wangu, upepo utakurudishia na wenzako wote kwenye boti.